Mkono Wangu Kwenye Ukuta wa Clotilda

Ngara, Jumatatu, 4 Julai 1938

Clotilda kaja dukani leo. Tumbo liliingia kwanza, yeye akafuata. Akanunua sindano, akakaa juu ya gunia la chumvi, akaniambia nyumba yao mpya kule Nyamiaga imekwisha kukandikwa, umebaki ukuta.

Nikauliza ukuta gani. Nyumba ina kuta nne, nimeziona kwa macho yangu.

Akasema ukuta unaotazama jiko. Katika ukoo wa mumewe, Privatus, mwanamke anayengoja mtoto wa kwanza haingii nyumba mpya mpaka ukuta huo uchorwe. Mwenyewe hauchori, wala hauangalii kabla mtoto hajazaliwa. Huchorwa na marafiki zake. Kisha uchungu ukimshika, wenye mikono yao ukutani ndio wanaoitwa ndani kumshika mgongo. Wanawake wengine wote hungoja uani.

Nikamwambia nipo. Nilifurahi mpaka nikasahau kumpimia mtu sukari yake. Tangu Habibu aliponioa Ujiji na kunileta kwenye kilima hiki chenye baridi, wanawake wote wananiuliza bei tu. Clotilda peke yake ndiye anayeuliza nimelalaje. Nilipougua homa alipanda kilima na chungu cha uji kichwani, akakaa akinipepea mpaka nikapata jasho. Sina dada hapa, sina mama. Siku yake ikifika nataka niwe ndani, si uani.

Halafu akasema, bila haya yoyote, kwamba mkono wa pili ni wa Esperansia.

Mkono wa pili! Nikauliza kwa nini iwe miwili. Akanitazama kama nimeuliza kwa nini ng'ombe ana pembe mbili. Akasema ukuta una kulia na kushoto, akachukua sindano zake akaenda zake.

Nimefikiri jioni nzima na jibu ni moja tu. Ni mashindano. Huku mimi, kule Esperansia, na Bi Rozalia, mama mkwe wa Clotilda, atachagua atakayeitwa. Nimemuuliza Habibu maoni yake. Amesema yeye anajua habari za kaniki na mafuta ya taa.

Jumanne, 5 Julai

Nimeshuka Nyamiaga asubuhi nikiwa nimevaa vizuri ili nianze kushinda mapema. Kosa. Kazi inaanza na samadi ya ndama.

Esperansia ni jirani yao, mrefu, mkimya, ameolewa hapo kutoka ng'ambo ya mto Ruvubu. Nilimkuta amekwisha kuichanganya samadi na majivu kwenye chungu, mikono imezama mpaka viwiko. Kiswahili chake kidogo. Kihangaza changu kidogo zaidi. Bi Rozalia alikuwa kwenye kigoda chake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatazama viatu vyangu, akacheka mpaka akajishika ubavu. Sijui alichokiona.

Esperansia anabandika samadi ukutani kwa vidole na kuivuta iwe matuta membamba yanayopanda na kushuka. Ikikauka inapakwa rangi: udongo mweupe, udongo mwekundu, na masizi yaliyokorogwa na utomvu wa mgomba. Sikubali kwamba yalipendeza. Yalikuwa yamenyooka tu.

Mimi nimesimama upande wangu nikitafakari. Akaja. Akasema, "Dada, rete mkono," akanitia donge la samadi kiganjani, akanifunga vidole juu yake. Mbele ya Bi Rozalia! Nimejua mara moja kwamba ananidhalilisha. Lakini Clotilda akaita kutoka nyuma ya ua akiuliza kama kazi inakwenda, nikajibu inakwenda. Nikabandika, ikaanguka. Nikabandika tena, ikaangukia viatu. Nadhani sasa najua kilichomchekesha Bi Rozalia.

Jambo moja linanitatiza. Esperansia ameanzia pembeni kabisa akaja akielekea katikati, na katikati penyewe amepaacha. Mtu mwenye akili zake ataachaje mahali pazuri kuliko pote? Ana lake jambo.

Nimeoga mpaka mtungi ukakauka. Habibu amekula chakula chake uani.

Jumatano, 6 Julai

Nimepata njia! Siwezi kumshinda kwa samadi, amezaliwa nayo. Lakini yeye hana duka.

Nimeteremka na kikapu: buluu ya kufulia nguo, vifungo vya mashati, shanga zilizokatika uzi, mabaki ya kanga na kaniki, na kibati cha majani ya chai nilichokikata vipande vinavyong'aa. Nimepika gundi ya unga wa muhogo. Nikabandika. Kitambaa chekundu hapa, buluu pale, vifungo kwa mstari, bati juu likipiga mwanga. Bi Rozalia akasogeza kigoda chake karibu, na yule huwa hasogezi kitu. Nikajiona niko ndani tayari, nimemshika Clotilda mgongo, Esperansia yuko uani na wenzake.

Esperansia akaja akatazama kazi yangu. Akatazama sana. Nikangoja alie. Badala yake akaokota kipande cha kanga kilichodondoka, akaniuliza kwa macho, nami kwa kuchanganyikiwa nikaitikia kwa kichwa. Akakibandika upande wake! Katikati ya tuta lake la kwanza. Huo ni wizi, tena wa mchana. Halafu akarudi upande wangu, akang'oa vifungo vyangu vilivyokuwa vinalegea, akavididimiza kwenye samadi mbichi, vikashika kabisa. Sasa vifungo vyangu vimekaa vizuri na sijui nimkasirikie vipi.

Bila shaka anapeleleza. Mtu hamsaidii mpinzani wake bure.

Habibu anauliza buluu yote imekwenda wapi. Nimemwambia watu siku hizi wanafua sana.

Alhamisi, 7 Julai

Nimemwendea mwamuzi. Nimemchukulia Bi Rozalia ugoro mzuri kutoka dukani, nikamkabidhi kwa mikono miwili pembeni, Esperansia hayupo.

Akauliza ni wa nini. Nikasema ni wa mapenzi tu. Akasema mapenzi yangu yana haraka. Akanusa, akapiga chafya, akanibariki. Nikaona mambo yamekaa sawa.

Baadaye nikamwona akimgawia Esperansia nusu nzima. Nusu! Nikamuuliza kwa heshima kwa nini. Akajibu kwamba kitu kikija kwa mkono mmoja hugawanywa kwa mikono miwili, nami nikatabasamu kama nimeelewa. Sikuelewa hata neno. Nilipotoka Esperansia alinisindikiza mpaka njia panda, naye anapiga chafya. Nadhani alitaka kuhakikisha nimeondoka.

Ijumaa, 8 Julai

Taabu mbili leo. Ya kwanza, udongo wangu mweupe unapukutika. Ukiupitishia kidole unabaki kidoleni. Ya pili, nilipokuwa nimegeuka, Esperansia amelifikisha tuta lake karibu kabisa na mpaka. Na mimi, bila kujua, nimeifikisha kazi yangu hapo hapo. Limebaki pengo la kiganja. Kesho atalichukua, nimeona anavyolitazama.

Taabu ya kwanza nimeitibu. Kule Ujiji shangazi yangu haivai kanga mpya kabla hajailoweka kwenye maji ya chumvi ili rangi ishike isichuje. Kinachoshika rangi kwenye nguo kitashindwaje ukutani? Nimechota chumvi dukani kikapu kizima. Nikafika Esperansia amekwenda kuteka maji. Vyungu vya kukorogea udongo vilikuwa vinne, vyote sura moja, sikujua kipi chake kipi changu. Nikatia vyote. Nikakoroga sana.

Esperansia aliporudi tulipaka ukuta wote kwa pamoja, kila mtu kwake. Haukupukutika! Umekauka ukawa mgumu na mweupe pe. Najuta kumsaidia, lakini akili yangu imenifurahisha.

Bi Rozalia amesema ukuta umebakiza pengo la katikati tu, na kwamba ndama wake wawili watalala humo mpaka Jumapili ili nyumba ipate joto kabla ya watu kuhamia. Nikasema vyema. Sina neno na ndama.

Jumapili, 10 Julai

Sina nguvu ya kuandika lakini naandika.

Wenyeji wote walikuwa kanisani. Nikateremka peke yangu niwahi pengo kabla Esperansia hajarudi. Nikafungua mlango. Ndama wote wawili walikuwa wamesimama wima, wameegemea ukuta, ndimi nje. Walikuwa wanaramba.

Wameramba kila kitu walichokifikia. Matuta yote ya chini hayapo. Buluu imo midomoni mwao. Mmoja alikuwa na kipande cha kanga yangu kinaning'inia, akanitazama, akakimeza. Vilivyobaki juu ni bati na vifungo vichache. Nikawafukuza, wakarudi. Nikawavuta mikia. Wananipenda sana sasa, mikono yangu nayo ina chumvi.

Watu wakarudi kutoka kanisani wakanikuta naburutana nao. Clotilda akazuiwa nje ya ua asione. Bi Rozalia akaingia, akatazama, akapaka kidole mate, akagusa ukuta, akakitia mdomoni. Akasema katika maisha yake hajaona mtu anayewawekea ndama chakula ukutani. Akasema aliyetia chumvi mkono wake umetoka, na mahali pake atamwita mpwa wake kutoka Kasulo. Akauliza ni nani.

Hapa Ngara chumvi ya kikapu kizima anayo nani ila sisi? Nikafungua mdomo ili nikane.

Esperansia akasema ni yeye.

Akasema hivyo tu, kwa sauti ya chini, akitazama miguu yake. Bi Rozalia akamtazama yeye, akanitazama mimi, akatoka.

Nimerudi nyumbani. Nimeshinda. Mkono wake umetoka, wangu umebaki, siku ikifika nitakuwa ndani. Kwa hiyo kwa nini siwezi kula? Nimekaa mbele ya sahani nikijiuliza: mtu anadaije kosa ambalo si lake? Chumvi ni yangu, wazo ni la shangazi yangu, kikapu ni changu. Yeye alikuwa kisimani!

Lazima kuna faida katika kosa hili ambayo mimi mgeni siijui. Huenda katika ukoo huu mwenye kosa ndiye anayeheshimiwa baadaye. Na yeye amelichukua mbele ya macho yangu, kama alivyochukua kipande cha kanga.

Jumatatu, 11 Julai

Nimekwenda kudai chumvi yangu.

Nimesimama mbele ya Bi Rozalia, hata shikamoo nimeitoa kwa pupa, nikasema Esperansia ni mwongo. Chumvi niliitia mimi, vyungu vyote vinne, na sitakubali mtu mwingine asifiwe kwa kazi yangu. Esperansia akatikisa kichwa, akasema hapana, ni yeye. Nikasema ni mimi, na Habibu ni shahidi, kwa kuwa tangu jana ananiuliza chumvi iko wapi. Akasema ni yeye. Tukapandishiana sauti, yeye Kihangaza, mimi Kiswahili, tumesimama pua kwa pua.

Bi Rozalia akaweka ugoro chini. Akasema, "Wanangu, nimeona watu wakigombania shamba, nimeona wakigombania mume. Kosa sijaona." Akauliza kama tumekwisha. Kisha akasema anayetaka kosa kiasi hicho hawezi kumtoa, na wawili hawezi kuwatoa, kwani hana wapwa wa kutosha. Mikono yote ibaki. Ukuta uoshwe chumvi, uanzwe upya, na ukamilike leo, kwani mgongo wa Clotilda umeanza kumuuma.

Kwa hiyo sikupata faida yoyote. Esperansia naye amerudi mchezoni kwa juhudi zangu mwenyewe. Sijui nimefanya nini.

Tumefanya kazi mpaka jua likaelekea kuzama. Sikuwa na wakati wa kupanga lolote. Nilikuwa nabandika, yeye ananinyooshea, mimi namkatia bati, yeye ananionyesha pa kulitia. Samadi sasa haianguki mikononi mwangu. Kwenye lile pengo la katikati tulifika pamoja, nikaona nimewahi, naye akaona amewahi, vidole vikagongana kwenye donge moja. Hakuna aliyeondoa mkono. Tukalivuta hivyo hivyo, tuta moja likaungana na tuta jingine, sijui langu liliishia wapi. Esperansia akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Nikacheka na mimi, kisha machozi yakanitoka na sikujua sababu. Nimemwambia ni moshi. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Jumatano, 13 Julai

Nimeitwa!

Privatus mwenyewe alipanda kilima mbio, akasimama mlangoni pa duka hana pumzi, akanyoosha kidole chini kuelekea kwake. Niliacha mteja na mizani. Nilifika nikiwa na kiatu kimoja.

Esperansia alikuwa ndani tayari. Nikakasirika kidogo, kisha sikuwa na nafasi. Clotilda alikaa kati yetu, ameupa ukuta mgongo kama desturi inavyotaka, mkono mmoja ameniminya mimi, mwingine yeye. Alisema hawezi. Nikamwambia anaweza. Niliogopa kama sijawahi kuogopa. Kuna wakati alinyamaza kabisa, na Bi Rozalia akaacha kuongea, na mkono wa Esperansia ukapita nyuma ya mgongo wa Clotilda ukaushika wangu kwa nguvu. Nadhani alitaka kunizuia nisiwe wa kwanza kumpokea mtoto. Sikuutoa. Mimi pia nilimzuia.

Ni msichana. Amelia mpaka ndama wamejibu.

Clotilda akageuzwa autazame ukuta. Akautazama wote, bati, vifungo, buluu, milima ile ya samadi. Akanyoosha kidole katikati kabisa, akauliza hapo ni mkono wa nani. Nikasema wangu. Esperansia akasema wake. Tukatazamana. Kwa haki ya Mungu, hata mimi sijui. Clotilda akacheka na kulia kwa pamoja, akatuvuta shingo sote wawili akasema sasa anaweza kulala.

Nilipotoka nilimuuliza Bi Rozalia kwa siri nani ameshinda. Akaniuliza kushinda nini.

Hataki kusema. Nimelifikiria njia nzima ya kurudi.

Ijumaa, 15 Julai

Yote yamekuwa wazi.

Esperansia kaja dukani leo, mara ya kwanza tangu nimjue. Hakuuliza bei. Aliuliza nimelalaje. Kisha akakaa juu ya gunia, akajishika tumbo, akasema kwa Kiswahili chake kwamba na yeye ni mjamzito, mumewe anajenga, na anaomba mkono wangu kwenye ukuta wake. Nikasema nipo, kabla sijawaza. Nikamuuliza mkono wa pili ni wa nani.

Akasema ni wa Clotilda.

Ndiyo maana Bi Rozalia hakutangaza mshindi! Ule ulikuwa wa majaribio tu. Mashindano yenyewe ndiyo haya, na mpinzani wangu ni Clotilda. Siku zote nilikuwa namtazama mtu asiyehusika. Nashangaa sikuona mapema. Kwa nini aliniletea uji wakati wa homa? Kwa nini alitaka kujua nimelalaje?

Nimekwisha kupanga. Chumvi nimeiacha, ilileta ndama. Udongo safari hii nitaushikisha kwa asali. Na mabaki ya kanga hayatoshi kwa ukuta wa Esperansia. Nimefungua sanduku nikatoa doti yangu ya arusi, ambayo sijapata kuivaa kwa kuogopa isichakae, nikaikata kwa mkasi wa dukani. Vipande vyekundu vyote vitakuwa vyake. Habibu ameniuliza kama mimi ni mgonjwa. Nimemwambia ni mbinu tu.

Kesho nitakwenda kumtazama mtoto, nitamchukulia Clotilda supu ya kuku, na nitampepea mpaka apate usingizi ili nikague mikono yake. Namhurumia. Hajui kabisa kinachomjia.